Prosesa Moja Inayohesabiwa Mbili

Katika maswali yaliyoufikia ukurasa huu mna moja la kijana wa sekondari ambalo tuliliweka kando makusudi, ili tulijibu kwa nafasi ya kutosha. Kijana huyu alipewa na mjomba wake kompyuta mpakato, ndogo, ya miaka iliyopita, iliyobandikwa karatasi isemayo kwamba prosesa yake ni Intel Atom N270. Kila alipotafuta habari za prosesa hiyo aliambiwa kuwa ni moja tu. Lakini akifungua lile dirisha la Windows linaloonyesha mashine inavyofanya kazi, aona michoro miwili imewekwa ubavu kwa ubavu, na kila mmoja wapanda na kushuka kwa namna yake, kama kwamba ndani mna prosesa mbili. Akaenda kwa muuza kompyuta mmoja, naye akamthibitishia kuwa ni mbili, tena akaongeza kwamba mashine ya prosesa mbili hufanya kazi mara mbili, na kwa hivyo bei yake haina budi kuwa juu. Sasa kijana auliza: mkweli ni nani, karatasi au dirisha?

Karatasi ni kweli, na dirisha nalo ni kweli kwa namna yake. Asiyesema kweli ni yule muuzaji. Prosesa iliyomo ni moja, lakini imetengenezwa hivi kwamba hujitambulisha mbele ya kompyuta kuwa ni mbili, na hufanya hivyo kwa sababu nzuri, wala si kwa hadaa. Faida ya jambo hilo ipo, ila si mara mbili. Na kwa kuwa wako wazazi wengi wanaoweka akiba mwezi baada ya mwezi ili mtoto apate mashine ya kusomea, tumeona yafaa mambo haya yaelezwe nyumbani kabla ya fedha kufika dukani.

Prosesa ni kijipande cha silikoni ambacho kazi yake ni kusoma amri na kuzitekeleza moja baada ya moja: jumlisha hiki na hiki, linganisha hiki na kile, peleka jawabu mahali fulani. Kazi hii huenda kwa mapigo, kama saa ya ukutani. Hiyo N270 hupiga mapigo bilioni 1.6 kwa kila sekunde, na hizo ndizo gigahezi 1.6 zinazoandikwa katika matangazo. Mtu akiisikia hesabu hiyo hudhani kuwa chombo hiki hakipumziki hata kidogo. Kumbe sehemu kubwa ya wakati wake hupotea katika kungoja!

Hungoja nini? Hungoja vitu vya kufanyia kazi. Hesabu, herufi na picha zinazotakiwa zimo katika memori, nayo memori iko nje ya prosesa. Kwa makadirio, kukileta kitu kutoka huko huchukua sehemu 100 kati ya bilioni moja za sekunde moja. Kwetu sisi muda huo si kitu. Lakini kwa prosesa ya mapigo bilioni 1.6, ni mapigo kama 160 yaliyopita bure; na kwa ile yenye mapigo bilioni 3, ni kama 300. Hapo msomaji ataona jambo la ajabu kidogo, kwamba kadiri prosesa inavyokuwa na mbio zaidi ndivyo kungoja kunavyoigharimu zaidi. Watengenezaji walijaribu kupunguza hasara hii kwa kuweka ghala dogo la memori ndani ya prosesa yenyewe, liitwalo kache, ili vitu vinavyotumiwa mara kwa mara viwe karibu. N270 ina kache ya kilobaiti 512. Ghala hilo lasaidia sana, lakini halikosi siku ambayo kitu kinachotakiwa hakimo.

Tena iko sababu ya pili. Ndani ya prosesa hamna chombo kimoja cha kazi, bali vyombo kadha wa kadha: cha hesabu nzima, cha hesabu za desimali, cha kuleta vitu kutoka memori, cha kupeleka. Programu moja ikiwa peke yake ni nadra kuvishughulisha vyote kwa wakati mmoja. Hiki hufanya kazi, vile vimekaa.

Tuchukue mfano wa mshoni. Katika karakana yake mna cherehani, meza ya kukatia, pasi, na kijana wa kutia vifungo. Mlangoni pana daftari moja, na ndani ya daftari hilo mmeandikwa vipimo vya mteja mmoja na kazi yake imefikia wapi: shingo imekatwa, mikono bado, vifungo vimeagizwa. Mshoni huyu ana desturi ya kutoanza kazi ya mteja wa pili mpaka ya kwanza imekwisha. Basi vifungo vikiagizwa mjini, karakana nzima yakaa. Na hata vifungo vikiwapo, kanzu ikiwa chini ya cherehani, pasi na mkasi vyapoa.

Sasa mshoni huyu anunue daftari la pili tu. Hakununua cherehani ya pili, wala hakupanua chumba. Katika daftari la pili aandika kazi ya mteja mwingine, na wale waliomo ndani wapewe ruhusa ya kuchukua kazi katika daftari lolote. Kanzu ya huyu ikingojea vifungo, gauni la yule laingia chini ya cherehani. Na wakati sare ya shule inakatwa mezani, kanzu yapigwa pasi. Karakana ni ile ile, lakini mwisho wa siku nguo zilizotoka ni nyingi zaidi. Na mpita njia anayehesabu karakana kwa kuhesabu madaftari ya mlangoni atakwenda zake akisema: hapa pana washoni wawili.

Hivi ndivyo ilivyo katika prosesa. Daftari la mfano wetu ni kile ambacho mafundi hukiita hali ya programu: programu imefikia amri gani, na katika zile rejista zake, yaani vijisanduku vya kuwekea hesabu za papo kwa papo, mna nini. Vitu hivyo vimewekwa mara mbili. Pamoja navyo imewekwa mara mbili na ile sehemu ndogo inayopokea wito kutoka vyombo vingine vya kompyuta. Vilivyobaki, navyo ndivyo vingi na vikubwa, ni vya shirika: vyombo vya hesabu, kache, na njia ya kwendea katika memori. Amri za daftari hili na za daftari lile huingia ndani pamoja, na hata katika pigo moja la saa zaweza kutekelezwa amri za pande zote mbili. Kila mkondo wa amri mafundi huuita uzi, na mikondo miwili ni nyuzi mbili. Jina hilo limetupendeza, kwani lafaa kwa mshoni.

Kampuni ya Intel iliupa utaratibu huu jina la biashara, Hyper-Threading, na kuutoa mwaka 2002, kwanza katika prosesa za Xeon za mashine kubwa za ofisini, kisha mwezi Novemba mwaka huo huo katika Pentium 4 ya gigahezi 3.06 kwa mashine za mezani. Lakini wazo lenyewe halikuzaliwa hapo. Mwaka 1995 wanachuo watatu wa Chuo Kikuu cha Washington, Dean Tullsen, Susan Eggers na Henry Levy, walitoa makala iliyoonyesha kwa hesabu kwamba prosesa ikilishwa nyuzi kadhaa kwa wakati mmoja, vyombo vyake havitakaa bure kama vinavyokaa ikilishwa mmoja. Kampuni ya Digital ilikusudia kutengeneza prosesa ya Alpha yenye nyuzi nne, lakini mradi huo ukafutwa mwaka 2001 kabla haujafika sokoni. Na ukirudi nyuma zaidi, mwaka 1964, wakutana na mashine ya CDC 6600, aliyoibuni Seymour Cray. Hiyo ilikuwa na prosesa ndogo kumi za kushughulikia vyombo vya pembeni. Lakini kumi hizo zilishirikiana chombo kimoja cha kazi, kikizunguka na kuihudumia kila moja kwa zamu yake. Hapo moja ilihesabiwa kumi, si mbili tu, na hapana aliyelalamika.

Twapenda kulitaja hili kwa sababu wako wanaodhani kwamba jambo la kuonekana mbili ni ujanja wa wafanya biashara wa siku hizi. Sivyo. Ni jambo lenye nasaba katika elimu, na mabingwa walilifikiri kwa miaka mingi kabla ya matangazo kulitia chumvi.

Tukirudi katika ile mashine ndogo, N270 ilitoka mwaka 2008, ikaingia katika kompyuta ndogo za bei nafuu kama Acer Aspire One na Asus Eee PC 901. Ilitengenezwa ile umeme kidogo, wati 2.5 tu. Ili kuipunguzia umeme na ukubwa, watengenezaji waliiondolea uwezo ambao prosesa kubwa wanao, nao ni kurukia amri za mbele pale ambapo amri ya sasa imekwama. N270 hufuata amri kwa mpangilio wake. Ya kwanza ikingoja, na ya pili yangoja. Kwa prosesa ya namna hii daftari la pili ni neema kubwa zaidi kuliko kwa zile kubwa, maana lile kubwa hata likiwa na daftari moja lina njia zake za kujishughulisha. Basi michoro miwili aliyoiona kijana wetu si pambo. Ila N270 ina kiini kimoja. Kiini ndilo jina tunalolitumia kwa karakana kamili, yenye vyombo vyake vyote.

Ni kwa nini basi Windows huchora michoro miwili, na haisemi tu kwamba ni moja yenye madaftari mawili? Hapa lazima tueleze kazi ya mfumo wa uendeshaji, iwe ni Windows au Linux. Huyu ni kama karani anayegawa kazi kwa karakana za mji. Programu zote zilizofunguliwa, ya kuandikia, ya muziki, ya kusomea intaneti, humjia yeye, naye huzipeleka kwenye prosesa zilizoko. Ikiwa prosesa yenye Hyper-Threading ingejitambulisha kuwa ni moja, karani angeipelekea kazi moja kwa wakati mmoja, na daftari la pili lingekaa tupu siku zote. Kwa hivyo hujitambulisha kuwa ni mbili, kila moja na namba yake, na karani huzipelekea kazi mbili. Ndipo michoro ikawa miwili. Prosesa hizi za hesabu tu mafundi huziita prosesa za kimantiki, ili zitofautishwe na kitu chenyewe kinachoshikika.

Mwanzoni makarani wengine walidanganyika kweli kweli. Windows 2000, iliyotangulia utaratibu huu, haikujua kupambanua, ikazihesabu prosesa za kimantiki kama za hakika hata katika hesabu ya leseni. Windows XP ikaja na akili zaidi: ile ya Home, iliyokuwa katika nyingi ya hizo kompyuta ndogo za mwaka 2008, ilikubali prosesa moja tu ya kushikika, lakini haikukataa sura zake mbili. Na kutojua huku kulikuwa na madhara si ya leseni peke yake. Chukua mashine yenye viini viwili, kila kimoja na madaftari mawili. Karani aona prosesa nne. Akiwa hajui lipi liko wapi, huenda akapeleka kazi mbili nzito katika karakana moja, zikasongamana humo, hali ya kuwa karakana ya pili imefunguliwa milango na haina mteja. Makarani wa leo hujua, na aghalabu hujaza kila kiini kazi moja kwanza kabla ya kugusa madaftari ya pili.

Sasa tufike kwenye hesabu, kwani hapo ndipo fedha zilipo. Intel wenyewe walipoutangaza utaratibu huu mwaka 2002 walisema kwamba uliongeza ukubwa wa kile kijipande kwa chini ya asilimia 5, na kwamba katika kazi za seva ulileta nyongeza ya hadi asilimia 30. Tafadhali litazameni neno hilo, hadi. Ni ukomo wa juu wa waliopima, wala si ahadi kwa kila kazi. Tulifanye jambo hili kwa dakika. Ziko kazi mbili, na kila moja ikiwa peke yake huchukua dakika 10. Katika kiini kimoja chenye daftari moja, zote mbili zitakwisha baada ya dakika 20. Katika viini viwili vya kweli, zikienda sambamba, zitakwisha baada ya dakika 10. Katika kiini kimoja chenye nyuzi mbili, tukikipa faida yote ya asilimia 30, zitakwisha baada ya dakika 15 na kidogo. Hiyo ni faida nzuri kwa chombo kilichogharimu asilimia 5. Lakini baina ya 15 na 10 pana umbali, na mtu asilipishwe bei ya 10 akapewa 15.

Na ziangalieni hizo kazi mbili moja moja. Kila moja sasa yatumia dakika zaidi ya 10 zake za kawaida, maana inashirikiana vyombo na mwenziwe. Kinachoongezeka ni jumla ya nguo zinazotoka karakanani kwa siku. Mteja mmoja mmoja huenda akangoja zaidi. Ziko hata kazi ambazo Hyper-Threading huzirudisha nyuma, hasa zile zinazolijaza ghala la kache. Kila mmoja akiingia huvitoa vitu vya mwenzake ili aweke vyake, na wote wawili wakawa hawaishi kurudi katika memori. Wenye kazi nzito za hesabu za kisayansi mara nyingi huuzima utaratibu huu kwa sababu hiyo.

Jambo hili twaliona kuwa kubwa zaidi katika kompyuta mpakato zilizotumika, ambazo ndizo nyingi katika maduka yetu. Tutatoa mfano mmoja, nao wastahiki kuwekwa moyoni. Mwaka 2015 Intel walitoa prosesa mbili za mpakato. Moja yaitwa Core i5-6300U, na ya pili Core i5-6300HQ. Kibandiko cha i5 ni kimoja, namba ni ile ile, na ukifungua dirisha la Windows zote mbili huhesabiwa prosesa nne. Lakini ile ya U ina viini viwili, kila kimoja na nyuzi mbili. Na ile ya HQ ina viini vinne vya kweli, kila kimoja na uzi mmoja. Nne ya huku ni karakana mbili zenye madaftari manne. Nne ya kule ni karakana nne. Wala mtu asidhani kuwa kununua i7 kutamwepusha na jambo hili, kwani Core i7-6600U ya mwaka huo huo nayo ina viini viwili tu na nyuzi nne. Ilipofika mwaka 2017 ikatoka Core i5-8250U, yenye viini vinne na nyuzi nane, nayo ni ya jamii ya U vile vile. Kwa hiyo herufi peke yake haitoshi, na kibandiko peke yake hakitoshi kabisa.

Muuzaji anayesema “hii ni ya nne” huenda hana nia mbaya. Ameiona nne kwa macho yake. Lakini mnunuzi ana haki ya kuuliza: nne za nini? Na hana haja ya kumtegemea mtu. Katika Windows 10 au 11, abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, aende katika sehemu ya utendaji, achague CPU. Chini ya mchoro ataona mistari miwili. Ule wenye neno Cores ndiyo hesabu ya viini. Ule wenye maneno Logical processors ndiyo hesabu ya madaftari. Katika Linux aandike amri ya lscpu, nayo humtajia kila kiini kina nyuzi ngapi. Hilo ni jambo la nusu dakika, na muuzaji mwaminifu hatalikataa. Tungependa kila binti na kila kijana anayekwenda dukani na mzazi wake alijue kabla ya noti ya kwanza kuhesabiwa. Ama kwa mashine ya kuandikia na kusomea, kwa maoni yetu, memori ya kutosha na diski ya SSD hutia uhai zaidi kuliko hizo nyuzi. Lakini hayo ni maelezo ya siku nyingine.

Liko jambo moja ambalo wengi hawalitaji, nalo ni la siri. Tulisema kwamba wateja wawili hushirikiana vyombo. Mteja mjanja, ingawa haruhusiwi kulisoma daftari la mwenzake, aweza kujua mengi kwa kuangalia vyombo: pasi ina moto, basi mwenzangu yuko katika kupiga pasi, mkasi haupo mahali pake, basi anakata. Mwaka 2005 Colin Percival alionyesha kwamba programu moja katika prosesa ya Hyper-Threading yaweza, kwa kupima tu mwendo wa kache, kuipekua funguo ya siri ya programu iliyo katika uzi wa pili. Wengine walidhani ni jambo la wanachuo tu. Mwaka 2018 yalizuka mengine ya jamii hiyo, na mwezi Juni mwaka huo watu wa mfumo wa OpenBSD wakauzima utaratibu huu kwa chaguo lao la kawaida. Mwaka 2019, baada ya kugunduliwa kasoro nyingine katika prosesa za Intel, Google nao wakauzima katika kompyuta zao za Chromebook. Kwa mtu wa nyumbani hapana sababu ya kuingiwa na hofu kwa haya. Hatari yake kubwa ni kwa wale wanaokodisha mashine moja kwa wateja wengi wasiojuana. Nyumbani yatosha kutoahirisha yale masahihisho ambayo mfumo huleta, na kutoweka programu ambayo haijulikani ilikotoka.

Na mambo yamekwisha kugeuka tena. Apple walipotoa prosesa yao ya M1 mwaka 2020 hawakuutia utaratibu huu, kila kiini kina uzi mmoja. AMD, ambao waliuingiza katika prosesa zao za Ryzen mwaka 2017, waendelea nao. Lakini Intel wenyewe, walioupa jina na kuutangaza dunia nzima, waliuondoa mwaka 2024 katika prosesa za mpakato za Core Ultra 200V. Hizo zina viini vinane, vinne vikubwa vyenye nguvu na vinne vidogo visivyokula umeme mwingi, na nyuzi ni nane tu. Hoja yao ni kwamba kiini kidogo cha kweli hufaa zaidi kuliko daftari la pili katika kiini kikubwa, hasa pale betri inapotazamwa. Hivyo katika mashine mpya ya namna hiyo mistari miwili tuliyoitaja hulingana, nane kwa nane; na katika zile za zamani yaweza kuachana kwa nusu nzima. Anayepita dukani leo atakuta za namna zote mbili juu ya meza moja.

Vijana wenye kupenda kuona kwa macho yao waweza kulipima jambo hili bila gharama. Programu ya 7-Zip, ambayo hutolewa bure, ina kipimo ndani yake, nacho humwachia mtu achague nyuzi ngapi zitumike. Katika mashine ya kiini kimoja chenye nyuzi mbili, apime kwanza kwa uzi mmoja, aandike hesabu, kisha apime kwa nyuzi mbili, aandike tena, na agawanye ya pili kwa ya kwanza. Katika mashine yenye viini zaidi ya kimoja apime mara mbili: mara moja utaratibu huu ukiwa wazi, na mara moja akiwa ameuzima katika ukurasa wa mipangilio unaofunguka mashine inapowashwa, ikiwa mashine yake inao, maana si mpakato zote zilizopewa. Kila kipimo akirudie mara tatu, na programu nyingine zote zifungwe, na mashine iwe katika umeme wala si katika betri, kwani ikiwa katika betri hujipunguzia mbio yenyewe na hesabu zikawa hazina maana. Akimaliza, auwashe tena kama ulivyokuwa.